Utafiti wa anthropolojia unaoanzia kwa wenyeji: nianzie wapi?

Mwambani

Wakuu, salaam.

Naandaa pendekezo la utafiti wa uzamili katika anthropolojia. Eneo ni Wilaya ya Kilwa, mada ni ujuzi wa wanawake wanaochokoa pweza na kuokota chaza mwambani: wanavyosoma maji, mwezi na upepo, na nani ana haki ya kuvua wapi. Rasimu imerudi na maoni kwamba dhana zote ni za nje na nimezipaka Kiswahili tu. Ndivyo ilivyo. Sura ya nadharia inaanza na "ustahimilivu" na "mtaji wa jamii", katikati kuna methali mbili, na mwisho kuna dodoso la maswali mengi lililotafsiriwa kutoka utafiti wa nchi nyingine.

Nimesoma makala nyingi zinazosema anthropolojia ya Afrika isimame kwenye maarifa ya Waafrika wenyewe. Nakubali. Ila hakuna inayoniambia Jumatatu nikifika kijijini nifanye nini. Naomba mambo ya vitendo: nianze na nini badala ya dodoso, "kaya" niihesabuje, idhini nichukueje kwa watu wasiopenda kusaini karatasi, na nini huwa kinaharibika.

---

mzee_wa_dodoso

Dodoso liweke kando kwanza. Si kitu kibaya, lakini kila swali lililomo limeshaamua mambo makubwa: kaya ni nini, msimu ni upi, kiumbe gani ni tofauti na kingine. Ukilitafsiri, unabadilisha lugha tu. Uamuzi unabaki wa yule aliyeliandika.

Anza na maji. Pwani yetu, wakati wa bamvua (maji makubwa), tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita 3 hadi 4. Siku za kati, maji mafu, ni kama mita 1 hivi. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi mwandamo, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji hupwa kabisa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi, kisha kila siku yanachelewa kwa kama dakika 50. Sasa tazama ratiba yako ya "mahojiano asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa". Wiki ya bamvua, saa 4 asubuhi, utakaowakuta nyumbani ni wazee sana, wagonjwa, wenye watoto wachanga na wasiovua kabisa. Sampuli imepinda kabla hujafungua mdomo, na hakuna programu ya takwimu itakayoinyosha. Kwa hiyo siku za bamvua fuatana nao mwambani, uliza kidogo, andika sana. Mahojiano marefu yaweke siku za maji mafu, watu wakiwa wametulia.

Daftari lako liwe na safu hizi tangu siku ya kwanza: tarehe ya kawaida, siku ya mwezi mwandamo, hali ya maji, upepo, jina la mwamba, mtu, jambo. Siku ya mwezi iandike kama wanavyoihesabu wao, hata ikitofautiana kwa siku moja na kalenda iliyochapishwa, kwa sababu wao wanafuata mwezi ulioonekana. Upepo usiandike "mkali". Andika kusi, kaskazi, matlai, umande, au jina watakalokupa. Angalia pia usiku: pwani "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia Ijumaa, yaani Alhamisi jua likishatua. Ukiingiza kwenye kompyuta kama Ijumaa saa 3 usiku, safari zote za usiku zinasogea siku moja, na hutagundua mpaka ulinganishe na mwezi. Saa nazo chagua mtindo mmoja. Andika saa ya Kiswahili shambani, geuza ofisini, mtu mmoja afanye kazi hiyo.

Ukibahatika kumpata mzee anayehesabu miongo, mpe muda. Mwaka ule una miongo 36 ya siku kumi kumi na siku 5 za ziada, unaanza Nairuzi, na hauna siku ya kuongeza kila baada ya miaka minne. Hivyo Nairuzi inasogea nyuma siku moja kila miaka 4 ukilinganisha na kalenda ya ofisini, karibu siku 24 kwa karne. Mtafiti anayeandika "mvua za mwongo fulani = tarehe fulani" na kuiacha hivyo amegandisha kitu kinachotembea.

Baada ya wiki mbili tatu za maji ndipo uingie kwenye majina. Njia rahisi ni orodha huru. Swali moja, fupi, kwa lugha ya mwambani: "Ukienda mwambani, unakuta nini na nini?" Usiseme "taja viumbe bahari", hiyo ni lugha ya darasani na utapewa majibu ya darasani. Watu 20 hadi 25 wanatosha, mmoja mmoja, wasisikilizane. Andika kwa mpangilio aliotaja, usipange upya. Akinyamaza, mrudishie la mwisho alilosema, usimpe mfano. Majina mapya yakikoma kutokea kwa watu watano mfululizo, umefika.

Hesabu yake unaweza kuifanya kwa kalamu. Mtu akitaja vitu 10, cha kwanza kinapata 1, cha pili 0.9, hadi cha kumi 0.1. Akitaja 5, cha kwanza 1, cha pili 0.8, na kuendelea. Jumlisha alama za kila kitu kwa watu wote, gawa kwa idadi ya watu, pamoja na wale ambao hawakukitaja. Vile vinavyopanda juu ndivyo vilivyo karibu na fikra zao. Tenganisha mapema orodha za wanawake, wanaume na vijana. Ukizichanganya utapata orodha ya mtu ambaye hayupo.

Kisha mafungu. Chukua vitu kama 30 kutoka orodha hiyo, umwambie mtu aweke pamoja vinavyokwenda pamoja, mafungu mangapi ni juu yake. Usitumie picha kama unaweza kukwepa: kwenye picha kome na jongoo bahari wana ukubwa mmoja, na rangi si zile. Tumia magamba na vitu halisi, pweza peke yake awe kwenye picha. Akimaliza, uliza kila fungu "haya kwa nini yako pamoja?" na uandike maneno yake kama yalivyotoka.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mafungu hayatafuata biolojia. Yatakuwa ya vitu vya kuuza na vya kula, vya watoto kuokota, vya maji ya magotini na vya kuzamia, vya halali na vya kuchukiza. Mtafiti anaona "wamekosea" na anayasahihisha kimoyomoyo. Ukisahihisha umeutupa utafiti. Neno dagaa lichukue kama onyo: Ziwa Victoria ni samaki mmoja, Ziwa Tanganyika ni wengine wawili, pwani ni kundi zima la visamaki. Kinachowaunganisha ni udogo wao, namna ya kuanika na soko. Hiyo ndiyo elimu unayoitafuta, na imepangwa vizuri tu, kwa misingi yake.

Mwisho wa hatua hii rudi kwenye swali la utafiti ulibadilishe. Huenda ulikuja na "ujuzi wa uhifadhi", nao wanazungumza kutwa juu ya wageni wa dago wanaopiga kambi na kuzamia kwa miwani mahali ambapo wao wanachokoa kwa kijiti. Basi swali ni hilo.

---

BintiSomanga

Naongezea kwenye kaya, maana ndiyo inayovuruga takwimu zote baadaye.

Tafsiri ya ofisini ni watu wanaokula chungu kimoja. Kwa familia yenye mwanamume wa nyumba mbili, mwanamke aliyerudi kwao baada ya talaka, na watoto wanaolelewa na bibi, chungu kinabadilika kila baada ya miezi. Ukiuliza "mkuu wa kaya ni nani?" utaelekezwa kwa mwanamume aliyepo, hata nyumba ikiwa ni ya mama mkwe wake. Si uongo, ni adabu. Badala yake uliza vitu vitatu tofauti na uviandike kwenye safu tatu: nani amelala hapa jana, nani amekula jana jioni kutoka chungu hiki, na fedha ya pweza ikipatikana inakabidhiwa nani. Majibu hayo matatu mara nyingi hayatoi kundi moja la watu. Usiyalazimishe yalingane. Sema kwenye tasnifu kwamba una vipimo vitatu na utumie kile kinachohusu hoja husika.

Nasaba nayo. Mbinu ya kuchora ukoo ambayo bado inafundishwa aliiandika W. H. R. Rivers mwaka 1910, na ni nzuri, ila inaanza na kuzaa. Kwa mada yako anza na kufundishwa: "Nani alikupeleka mwambani mara ya kwanza? Yeye alipelekwa na nani?" Chora mstari huo mpaka ukome. Halafu ndipo uchore wa kuzaliwa, juu ya karatasi nyingine, uvilinganishe. Utaona kama ujuzi unapita kwa mama mzazi, kwa bibi, kwa wifi, kwa mavyaa baada ya kuolewa, au kwa somo, yaani mwanamke aliyemfunda. Somo na kungwi hawana alama kwenye michoro ya vitabuni kwa sababu si damu wala ndoa. Watengenezee alama yako, mstari wa nukta kwa mfano. Ukitumia fomu isiyo na nafasi yao, hawatatokea.

Kila jina la undugu liwe na safu mbili: alivyomwita, na alivyo kwake. "Mama" anaweza kuwa aliyemzaa, mama mkubwa, mama mdogo, mke mwenzie mama, au jirani aliyemlea. Uliza "mama aliyekuzaa?" kwa upole, na si mbele ya huyo mwingine. Wapo waliolelewa ambao hawapendi swali hilo lisikike.

Kuna na utani. Jina lako la ukoo na kwenu vitakuweka mahali kabla hujaeleza utafiti. Ukiwa mtani wao utachokozwa, utanyang'anywa kalamu, utaambiwa mambo mazito kwa kicheko. Pokea, rudisha, usinune. Lakini yaliyosemwa kwa utani yawekee alama pembeni mwa daftari (herufi U inatosha). Miezi ikipita utasoma "wanaume wa hapa hawajui kuvua, wanajua kulala tu", utaiona kama kauli ya kijinsia, kumbe ilikuwa mtani anamchokoza mtani. Msibani utani una kazi zake kabisa, usiingie na daftari huko.

---

Kaskazi88

Nakubaliana na mengi hapo juu, ila nina wasiwasi na neno lenyewe "wenyeji", na jinsi linavyotumika siku hizi kana kwamba kila kilichotoka kijijini ni safi.

Tuna mfano nyumbani. Serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilikuwa na mwanasosholojia wake, Hans Cory. Alizunguka, akaita wazee, akakaa nao, akaandika sheria za mila: ya Wahaya ilichapishwa 1945, ya Wasukuma 1953. Mtu makini, na makaratasi yake yako maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mpaka leo. Kazi yake ndiyo iliyotangulia mradi wa kuunganisha sheria za mila, na mwaka 1963, nchi ikiwa huru, zikatoka kwenye Gazeti la Serikali. Mle ndani mwanamke anaweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo: hiyo ataitumia, hawezi kuiuza. Miaka 27 baadaye, 1990, ilibidi Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza atamke kwamba kanuni hiyo inakwenda kinyume na Hati ya Haki kwenye Katiba, katika kesi ya mwanamke wa Kagera aliyeuza shamba aliloachiwa na baba yake kwa wosia. Angalia hilo: baba mwenyewe alimwandikia binti yake. Mila iliyokuwa hai ilikuwa na nafasi ya jambo hilo, iliyoandikwa haikuwa nayo.

Vikao vile vilikuwa vya wazee wanaume. Walisema kweli yao. Ikaandikwa kwa wakati uliopo, bila majina ya waliopinga, na ikawa sheria. Kwa hiyo katika kila kifungu utakachoandika kinachoanza na "Watu wa hapa huamini..." jiulize nani aliitwa, nani hakuitwa, nani aliitwa akanyamaza. Andika kutokukubaliana kama kulivyo. Wanawake wawili wakibishana kama mwamba fulani una mwenyewe au hauna, huo ubishi ni data bora kuliko jibu. Usiwapigie kura.

Jambo la pili, lugha ya semina. Ukanda huo umepita miradi mingi ya bahari: kupambana na baruti, vikundi vya BMU (vya wavuvi vya kusimamia uvuvi ufukweni), kufunga miamba ya pweza kwa miezi michache, kama ilivyofanyika Songosongo. Watu wamehudhuria mafunzo. Ukiwakusanya ukumbini na chupa za maji watakujibu kwa "rasilimali", "uhifadhi shirikishi", "uvuvi haramu", "mabadiliko ya tabianchi". Wanajua unachotaka kusikia, na wanadhani wewe ni mradi. Weka orodha ya maneno hayo nyuma ya daftari. Yakijaa kwenye mahojiano, ujue bado uko ukumbini. Ubaya ni pale mtafiti anapoyachukua maneno hayo na kuyaita maarifa asilia, wakati yalitoka Dar es Salaam mwaka juzi kwenye bango.

---

Mwambani

Shukrani sana wakuu. Dodoso nimeliondoa kwenye kiambatisho. Bado idhini na umiliki. Na tasnifu lazima iwe kwa Kiingereza. Hiyo mizizi ya wenyeji itabaki wapi nikishatafsiri?

---

Mlandizi

Vibali kwanza, kwa kifupi. Mwanafunzi wa chuo cha Tanzania huanza na barua ya chuo chake. Mtafiti wa nje hupitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na utafiti wa afya una NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa). Barua ya chuo inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, Lindi, kisha wilayani, kisha Mtendaji wa Kata, Mtendaji wa Kijiji, mwenyekiti wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Beba nakala 10, kila ofisi itabakiza moja na kugonga muhuri kwenye yako. Usianze na BMU kabla ya serikali ya kijiji, utaonekana mtu wa doria.

Serikali ya kijiji ikishakuruhusu, bado hujaruhusiwa na wanawake wa mwambani. Hao ni wengine. Mtafute anayeheshimiwa kati yao, aghalabu bibi wa makamo asiye na cheo chochote, umweleze kwa maneno yako mwenyewe.

Idhini: karatasi ya kusaini pwani inakumbusha kuuza shamba, mkopo na uchaguzi. Kamati za maadili hukubali idhini ya mdomo iliyorekodiwa, ila lazima uieleze kwenye pendekezo na uambatishe maneno utakayosoma. Yawe mafupi, kama sentensi nane: wewe nani, chuo gani, unauliza nini, sauti itakaa wapi, nani ataisikia, anaweza kukataa swali au kuacha katikati, hakuna malipo wala mradi unaokuja, malalamiko yapelekwe wapi. Uliza tena idhini kila unapowasha kinasa sauti, si mara moja tu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, jina, sauti na picha ya mtu vina utaratibu wa kisheria, usiviweke kwenye simu yako ya kila siku.

Kwenye majina wengi wanateleza. Vyuo vinafundisha kuficha kila jina. Lakini bibi anayejua miamba yote kwa majina ni mtaalamu, na kumwita "mhojiwa wa 14" ni kumnyang'anya. Kitabu cha *Desturi za Wasuaheli* cha 1903 kimejaa kalamu ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, lakini kwa miaka mingi kilitajwa kwa jina la Carl Velten, Mjerumani aliyekikusanya na kukitoa. Toa chaguo tatu: jina kamili, nafasi tu ("mchokoaji mkongwe wa Kivinje"), au bila utambulisho. Chaguo liulizwe mwanzo na tena mwisho, baada ya kumsomea ulichoandika. Na haliko sawa kwa mambo yote: mtu anaweza kutaka jina lake kwenye hadithi za upepo na asilitake kwenye ugomvi wa mipaka.

Yapo yasiyoandikwa kabisa. Mashimo ya pweza na alama za nchi kavu anazotumia mtu kujua yuko juu ya mwamba gani ni mali yake ya kazi. Ukichapisha ramani ya GPS yenye tarakimu tano baada ya nukta umewaletea wazamiaji. Kwenye chapisho punguza hadi tarakimu mbili, hiyo ni kama kilomita 1.1, au chora mchoro usio na vipimo. Dawa za miti ni hivyo hivyo. Wasani wa kusini mwa Afrika walikuta kemikali ya mmea wa hoodia, waliokuwa wakiutafuna kutuliza njaa, imesajiliwa hataza (haki miliki ya uvumbuzi) na taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini miaka ya 1990 bila kuulizwa. Makubaliano ya kugawana faida yalikuja 2003. Mwaka 2017 wakatoa kanuni zao wenyewe za maadili kwa watafiti, za kurasa chache, zinazodai heshima, ukweli, haki na kujali. Zisome kabla ya kuandika sehemu yako ya maadili, maana zimeandikwa na waliotafitiwa.

Malipo: usilipe mahojiano mojamoja, utanunua majibu. Anayefanya kazi na wewe siku nyingi, kukuonyesha miamba au kusahihisha majina, huyo ni mfanyakazi, mlipe ujira wa kutwa unaojulikana hapo na umwandikishe. Na usiitishe kikao siku ya bamvua. Kila mwanamke utakayemkalisha siku hiyo amepoteza kipato chake.

Lugha. Kiingereza cha tasnifu hakikuzuii kufikiri kwa Kiswahili mpaka hatua ya mwisho kabisa. Daftari, unukuzi, na uwekaji wa alama za mada vyote vifanye kwa Kiswahili cha hapo. Tafsiri nukuu zile tu zinazoingia kwenye sura, na ya asili iwe juu, tafsiri chini. Tengeneza kamusi ndogo ya maneno 40 hadi 60, kila neno likiwa na maelezo yaliyotolewa na wasemaji wenyewe, si ya kamusi ya dukani. Wakisema neno kwa namna mbili, weka zote mbili. Hiyo ndiyo iwe sura yako ya dhana, na "ustahimilivu" uje baadaye kama una kazi ya kufanya.

Panga muda vizuri. Saa moja ya sauti safi ya mtu mmoja hula saa 4 hadi 6 kuinukuu, kikundi chenye upepo ni saa 8 au zaidi. Wakati wa kusi ufukweni hakuna sauti utakayoipata, ingieni ndani ya nyumba, na kinasa kivalishwe sponji. Faili ya WAV ya 48 kHz, biti 24, stereo, ni kama GB 1 kwa saa. Mono ni nusu. Nakala tatu, moja isikae kwenye nyumba uliyofikia.

---

mzee_wa_dodoso

Umesahau kusomeana, mkuu.

---

Mlandizi

Kweli. Rudi kijijini na rasimu kabla ya kuiwasilisha chuoni. Usigawe karatasi, soma kwa sauti, dakika 30 hadi 40 kwa kikao, wanawake peke yao na siku nyingine wanaume. Tatizo la kikao hicho ni adabu: utasoma upuuzi na wataitikia "ndiyo, ndivyo". Kwa hiyo usiulize kama ni sawa. Soma matoleo mawili ya jambo moja uulize wao wangelisema kwa lipi. Au uliza: "Nani hapa kijijini angelikataa hili, na angesema nini?" Hapo midomo inafunguka, maana hawakupingi wewe, wanamsemea mwingine. Rekodi kikao, masahihisho yao yaingie kwenye tasnifu kama masahihisho, yakionyesha ulichoandika kwanza na walichobadilisha.

Bajeti ya safari hiyo iandike tangu sasa kwenye pendekezo, nauli na malazi ya angalau maji mafu mawili. Wengi huiacha, fedha zinaisha kwenye unukuzi, na kikao hakifanyiki. Kwa upande wa kurudisha matokeo, kijitabu cha Kiswahili cha kurasa 16, herufi kubwa, nakala 50 kwa shule, ofisi ya kijiji na wenyewe. Ikisiri ya tasnifu haisomwi na mtu huko.

---

BintiSomanga

Na kijitabu hicho orodha ya majina ya miamba isiingie mpaka wakubaliane wenyewe. Mwamba mmoja unaweza kuwa na majina mawili, la vitongoji viwili vinavyogombania, na ukichapisha moja umeshaamua kesi. Kama hawajakubaliana, acha nafasi, au weka yote mawili kwa herufi za ukubwa mmoja.